Bushi Isiyotaka Mafuta

Watu wa Isiolo wakimtaja Sirad wanataja mabeseni. Mimi nikimkumbuka naona pete nyeusi ya plastiki, fupi kuliko kidole changu cha gumba, na masikio yananiwaka kwa aibu. Nimeisikia habari hii ikisimuliwa hotelini mara nyingi, na kila mara mimi ndiye shujaa. Sikuwa shujaa hata kidogo. Nitaisimulia jinsi ilivyokuwa.

Naitwa Hirbo, mzaliwa wa Garba Tula. Miaka hiyo ya themanini nilikuwa fundi wa pampu za mkono katika mradi mmoja wa maji. Nilikuwa na ovaroli ya buluu yenye mifuko sita, kopo la grisi, na mdomo uliokuwa mkubwa kuliko vyote hivyo.

Sirad alikuwa jirani yangu katika mtaa wa Kiwanjani, Isiolo. Baba yake, Msomali wa upande wa Hargeisa, aliletwa na Waingereza akiwa askari, akamaliza kazi akapewa mahali pa kukaa Isiolo, na hapo akazaa na kuzikwa. Ndugu zake Sirad walikuwa watu wa malori na maduka. Mumewe, Awale, aliendesha lori la sukari na unga mpaka Sericho na kurudi na ngozi. Sirad mwenyewe aliziba plastiki. Mabeseni ya plastiki yalipoingia madukani, mwaka wa sabini na tatu au nne hivi, wanawake waliyapenda kwa wepesi wake, kisha yakaanza kupasuka, na hakuna fundi aliyejua la kufanya nayo. Sirad alipasha kisu moto akajaribu. Beseni la kwanza, la mama mkwe wake, aliliunguza likawa na shimo la kupitisha mkono. La pili lilishika.

Tangu hapo alikaa kwenye gunia kando ya soko, chini ya bati, jiko la makaa mbele yake na visu vikuukuu vitatu motoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mtu wa kurudia. Kazi ikimshinda asubuhi, utamkuta mchana anaifanya tena kwa njia nyingine, na kesho yake tena, bila kukunja uso. Plastiki aliijua kwa pua. Alichoma ncha ya kipande, akanusa, akakwambia, "Hii ni ya mshumaa," au, "Hii ni ya nywele," kwa kuwa moja ikiungua hunuka kama mshumaa uliozimwa na nyingine hunuka kama nywele zilizoshika moto. Ukimletea za aina mbili umtake aziunge, alikurudishia.

Alikuwa na binti mmoja tu, Habsa, aliyeolewa Sericho na kijana wa kwetu, Mborana aitwaye Adano. Mwaka wa themanini na tatu Habsa alipoteza mimba yake ya kwanza njiani akitoka visimani, mtungi wa maji mgongoni, mwendo wa nusu siku. Mwaka uliofuata mradi wetu ukaweka pampu Sericho, hatua chache kutoka nyumbani kwake, na Habsa alikuwa na mimba tena. Sirad alishukuru Mungu, akaamini kwamba safari hii mtoto atazaliwa. Halafu pampu ikaanza kuharibika.

Tatizo lilikuwa bushi. Mpini wa pampu huzungukia pini ya chuma, na kati ya pini na mpini kuna bushi, kijipete kinachobeba msuguano wote. Bushi ikiisha, mpini unalegea, pini inalika, na siku moja unabaki na mpini mkononi. Bushi zetu zilikuwa za shaba, zikitoka Nairobi kwa kungojewa miezi. Mwaka huo wa themanini na nne ulikuwa wa kiangazi kikali, ng'ombe wanakufa kila upande, na pampu ya Sericho ilipigwa tangu alfajiri mpaka giza. Mchanga wa kule ni mwembamba kama unga. Bushi ya shaba ilimaliza wiki tatu. Ilipoharibika mara ya pili, ofisi ikaandika barua: ikiharibika tena itang'olewa, ipelekwe mahali itakapodumu. Barua hiyo niliibeba mimi.

Kesho yake Sirad alikuwa mlangoni kwangu.

"Salaam aleikum, fundi. Nasikia mnataka kung'oa pampu ya mtoto yangu."

"Aleikum salaam, Mama Habsa. Pampu si ya mtoto yako. Ni ya mradi."

"Nipe hiyo bushi iliisha."

"Ya nini?"

"Nione imekufa vipi."

Nilimpa ili aondoke. Baada ya siku mbili alirudi akasema anaweza kutengeneza ya plastiki. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikasema neno ambalo ningekuwa na uwezo ningelirudisha mdomoni: "Mama Habsa, nyinyi wageni mnajua nini na maji ya Sericho?"

Alinitazama kidogo. "Mimi nimezaliwa hapa mbele yako," akasema, akaenda zake.

Ilikuwa kweli. Alinizidi miaka kumi na tano.

Basi akaanza. Alitoboa ubao, akapachika bushi yake kwenye tundu, akapitisha ndani yake pini ya chuma aliyopewa na Awale, akafunga jiwe zito upande mmoja wa ubao, na upande wa pili akaweka mguu. Mikono ikiziba mabeseni, mguu ulikanyaga, juu, chini, asubuhi mpaka adhuhuri, na baada ya swala mpaka alasiri. Juu ya pini alinyunyiza mchanga wa Sericho ambao Awale alimletea kwenye kopo la maziwa. Soko lote lilimtania. Tache, fundi wa akala, vile viatu vya tairi, alimwuliza kila asubuhi kama ile cherehani yake bado haijapata sindano. Sirad alijibu kwa kumwomba nyuzi.

Bushi ya kwanza ilikuwa ya mtungi wa mafuta ya kupikia, plastiki tupu. Ilipata joto, ikalainika, ikabonyea siku ya nne. Ndipo akachukua nyuzi ambazo Tache huzitoa ndani ya tairi kuukuu na kuzitupa. Alizikatakata, akazichanganya na plastiki iliyoyeyuka, akashindilia ndani ya kipande cha bomba. Hiyo ikawa ngumu, lakini ncha za nyuzi zilisimama kama ndevu, ikapiga kelele na kuikwaruza pini. Akaacha kuzikata. Akazungushia uzi mzima kwenye chuma, mzunguko juu ya mzunguko, jinsi mama zetu Waborana wanavyosuka chombo cha maziwa, kila mzunguko ukinyweshwa plastiki ya moto. Kelele ikapungua. Joto bado.

Kilichobaki alikipata kwenye takataka. Mawe ya redio, yaani betri, yakifa watu huyatupa, na watoto huyapasua watoe ule ujiti mweusi wa katikati kuchorea ukutani. Sirad aliuokota mmoja, akausugua kwa vidole, vidole vikateleza. Siku hiyo hakuziba beseni hata moja. Alizunguka Kiwanjani yote akiomba mawe yaliyokufa, akatwanga zile njiti kwenye kinu kibovu, akachekecha unga wake kwa kilemba kipya cha Awale, jambo ambalo Awale alilisimulia kwa uchungu hadi uzeeni. Unga huo aliutia ndani ya plastiki, kisha uzi, kisha plastiki.

Kipimo chake kilikuwa wembe. Alijaribu kuupenyeza kati ya pini na bushi. Ukipita mmoja, bushi imeanza kulika. Zikipita nyembe mbili pamoja, imekufa. Bushi kumi na moja zilikufa chini ya mguu wake. Ya kumi na mbili aliikanyaga siku arobaini pamoja na mchanga, akaniita nikaushike wembe mwenyewe. Nilisukuma. Wembe ulikataa.

Sikupenda, lakini sikuwa na bushi nyingine, na Nairobi walikuwa kimya. Aliniwekea pete ile mkononi na kuukunja mkono wangu.

"Usipake kitu. Hata tone moja. Hii inajipaka yenyewe."

"Ndio, mama," nikajibu, kwa ile sauti ya kumjibu mtoto anayekufundisha kazi yako. Mimi nilifundishwa kwamba chuma kinachozunguka hupakwa mafuta, na cheti kilikuwa ukutani kwangu.

Nilipoifunga kule Sericho, wanawake walikusanyika. Sisi Waborana kitu kipya kinacholeta uhai tunakipaka siagi. Mtoto mchanga hupakwa, bibi harusi hupakwa, na pampu iliyokuwa inarudi kutoka kufa, mwaka kama ule, ingekosaje? Akko Kabale, bibi mzee aliyesimamia foleni ya maji, alileta siagi, na nakwambia siagi mwaka huo ilikuwa kitu cha kutafuta. Akapaka kichwa cha pampu, akapaka mpini, akapaka pini mpaka ikachuruzika ndani ya bushi, huku akiiombea. Nilimwona. Nilikuwa na neno la Sirad kichwani na sikulitoa. Nilifurahi, kusema kweli. Nilijiambia afadhali, baraka na mafuta kwa mpigo mmoja. Kisha nikafungua kopo langu la grisi nikaongeza.

Siku ya kumi na sita mpini ulilegea. Nilikwenda nikakuta pini imetafunwa katikati kama mfupa uliopita kwa mbwa. Nikaibana kwa waya ili isubiri, na siku hiyohiyo nikaandika ripoti kwamba bushi ya plastiki imeshindwa na pampu ing'olewe. Niliiandika kwa mwandiko mzuri. Ofisi ikasema lori la kung'oa litafika Alhamisi ya wiki inayofuata.

Nilimpa Sirad habari pale sokoni, nikitegemea kilio au matusi. Alichomoa kisu motoni, akakiweka kando.

"Awale anaenda Sericho Jumapili," akasema. "Na wewe unaenda."

"Kufanya nini, Mama Habsa? Imekwisha."

"Sijaiona."

Tulifika Jumatatu, vumbi mpaka kwenye meno. Habsa alitoka kumpokea mama yake, mimba ya miezi saba, midomo imepasuka kwa ukavu. "Hooyo," akamwita mama yake kwa Kisomali. Sirad alimshika tumbo kwa mikono miwili. Halafu akaniambia nifungue pampu.

Nilitoa bushi, nikampa. Aliinusa kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Hirbo," akasema. Hakuwa amewahi kuniita kwa jina kabla ya siku hiyo. "Hii inanuka siagi."

Akaifuta kwa upindo wa nguo, akachomoa sindano kwenye shali, akaanza kudonoa ndani ya bushi. Punje za mchanga zilitoka moja moja, akazipanga kwenye kiganja tuzione.

"Kavu, mchanga inaanguka," akasema. "Mafuta inashika mchanga, plastiki inaumeza. Inakuwa tupa. Hii tupa ndio imekula pini, si bushi yangu. Angalia, yenyewe haijalika. Nani alipaka?"

"Ni mimi," akasema Akko Kabale bila kusita. "Kitu mpya hupakwa."

Sirad aligeuza bushi juani. "Siagi haina rangi hii. Hapa kuna grisi."

Wanawake wote walitazama ovaroli yangu. Kopo lilikuwa limetuna mfukoni. Ningeweza kunyamaza, kwani bibi mzee alikuwa amekwisha kubeba lawama, na wale wanawake hawakuwa watu wa kuandikia ofisi yangu barua. Nilimtazama Habsa aliyekuwa ameegemea mtungi. Nikaona aibu ambayo sijaiona tena maishani.

"Ni mimi," nikasema. "Uliniambia nisipake, nikakudharau. Akko alipaka mbele yangu, sikumzuia. Na mimi nikaongeza."

Nilingoja anivue nguo kwa maneno. Badala yake aliuliza, "Lori inakuja lini?"

"Alhamisi."

"Uko na pini?"

"Moja."

"Weka."

Alitoa bushi nyingine kwenye fundo la nguo yake. Nikaosha kila kitu kwa majivu na maji, nikakikausha, nikafunga. Jumatatu hiyo mpaka Jumatano jioni wanawake wa Sericho walipiga pampu kwa zamu bila kuipumzisha, na Sirad akikaa kando yake na wembe kwenye karatasi, akipima asubuhi, adhuhuri na jioni. Wembe ulikataa kila mara.

Lakini kulikuwa na manung'uniko, na niliyaelewa kwa kuwa ni ya kwetu. Kitu kinachowapa maji kimeachwa kichwa kikavu, katika mwaka wa ukavu. Mwanamke mmoja aliacha foleni akarudi visimani. Wa pili akamfuata. Akko Kabale hakuwazuia. Alikaa mbali, kibuyu cha siagi mapajani, akiitazama pampu kwa huzuni, na Sirad alimtazama yeye. Sote tulijua kwamba lori likiondoka bila pampu, yule bibi ataipaka mara mgongo wetu utakapogeuka, tena kwa mapenzi yote.

Alhamisi saa nne lori likafika na minyororo. Msimamizi wake alikuwa na ripoti yangu mkononi, ule mwandiko wangu mzuri. Niliiomba, nikaigeuza, nikaandika nyuma: bushi haikushindwa, fundi aliipaka mafuta baada ya kukatazwa, kosa ni lake. Nikatia jina. Nilikuwa na watoto watatu na kazi moja. Msimamizi alisoma mara mbili. Akaupiga mpini mwenyewe, akauchukua wembe wa Sirad akasukuma, akasukuma tena.

"Mwezi mmoja," akasema. "Nikirudi wembe ukipita, naing'oa. Na wewe, Hirbo, tutaonana ofisini."

Lori lilipogeuka, Akko Kabale alisimama na kibuyu chake, akaja moja kwa moja kwenye pampu.

Sirad alimwahi, akasimama mbele ya mpini. Sikuwa nimewahi kumsikia akimbembeleza mtu. "Akko, tafadhali. Nakuomba. Mtoto yangu atarudi kwa ile njia."

Bibi alimtazama juu na chini. "Hii kitu umeizaa wewe?"

"Nimeitengeneza mimi."

"Nauliza umeizaa?"

Sirad alifikiri. "Siku arobaini kwa mguu wangu," akasema. "Ndio. Nimeizaa."

"Kwetu mtoto akizaliwa anapakwa, na mama yake anapakwa. Mtoto hii inakataa siagi. Basi mama yake atachukua ya wote wawili." Akatugeukia sisi wanaume. "Nyinyi, geukeni. Hirbo, wewe geuka zaidi."

Tuligeuka, mimi, Awale na Adano, tukatazama boma la miiba kama wanafunzi walioadhibiwa. Nyuma yetu nilisikia wanawake wakimfungua shali, nikasikia dua ya Akko kwa Kiborana, ileile aliyoiombea pampu, halafu mtu akaanza kupiga mpini na maji yakagonga ndani ya mtungi. Wale wawili waliokwenda visimani waliitwa wakarudi. Hakuna mkono wa siagi uliogusa pini ile tena. Kopo langu la grisi Akko Kabale alilitaka, nikampa, na kila nilipokwenda kukagua aliniuliza kwa upole kama nimelikumbuka.

Kazi sikufukuzwa. Nilishushwa cheo, na nilistahili. Bushi ile ilikaa miaka miwili na miezi mitano. Habsa alizaa msichana, hai, mwenye kelele, wakamwita Abiba. Sirad aliendelea na mabeseni yake hadi macho yalipomzuia.

Ila ninayoikumbuka zaidi ni safari ya kurudi. Tulikaa watatu mbele kwenye lori, Awale akiendesha, Sirad katikati. Joto lilikuwa kali na siagi ilimchuruzika kutoka kwenye shali mpaka shingoni. Nilimpa kitambaa changu ajifute. Alikataa.

"Miaka arobaini na sita nimezaliwa hapa," akasema, akitazama barabara. "Harusi yangu, kuzaa yangu, yote hapa. Hakuna mtu wa hapa alinipaka hata kidole."

Nilikikunja kitambaa nikakirudisha mfukoni. Awale alibadilisha gia. Sirad aliacha tone la siagi lishuke mpaka lifike kwenye nguo, kisha akaniuliza kama pampu ya Merti nayo inatumia pini ya ukubwa uleule, na kama nyumbani kwangu kuna mawe ya redio yaliyokufa.